Familia imeamua nimpe kaka yangu figo. Naruhusiwa kukataa?

"Daktari, salaam alaykum. Ninaandika kutoka Arua. Kaka yetu mkubwa ana miaka 43, figo zake zote mbili zimefeli, na sasa anakaa kwa binamu yetu Makindye, Kampala, ili awe karibu na hospitali ya Kiruddu, anakosafishwa damu mara mbili kwa wiki. Amekunywa waragi miaka mingi. Presha alijua anayo, dawa akaziacha, na kiwanja cha marehemu baba alikiuza bila kutuambia. Juzi familia ilikaa kikao wakaamua mimi ndiye nitoe figo, kwa kuwa nina miaka 29, sijaolewa na sina mtoto. Kaka zangu wengine wawili wana familia za kulisha. Shangazi anapinga. Anasema kaka anatumia dawa za VVU, kwa hiyo figo itapotea bure. Mjomba naye anasema tusisumbuane, amepata kijana wa boda boda aliye tayari kutoa yake kwa pesa. Mimi naogopa kufa, naogopa kutozaa, lakini zaidi naogopa kumpa mtu asiyestahili halafu arudi kwenye chupa. Nikikataa, nitakuwa nimemuua ndugu yangu? Na kama watu kumi wangekuwa wanangoja figo moja, yeye angestahili kuipata?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nianze na lile uliloliuliza karibu na mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Ndiyo, unaruhusiwa kukataa, na ukikataa hujamuua mtu. Kinachomwandama kaka yako ni ugonjwa wa figo, na ugonjwa huo una tiba anayoipata tayari, ile mashine ya Kiruddu. Ni tiba ngumu, inachosha, lakini wapo watu wanaoishi nayo miaka. Figo iliyo mwilini mwako si deni la ukoo.

Mwaka 1978 kesi ya namna hii ilifika mahakamani Pennsylvania, Marekani. Robert McFall alikuwa na ugonjwa mbaya wa uboho, na binamu yake David Shimp ndiye aliyeonekana kumfaa katika vipimo vya mwanzo. Shimp akaghairi. McFall akaenda kortini akitaka binamu alazimishwe. Jaji alisema wazi kwamba kukataa kule hakutetewi kimaadili, kisha akakataa kumlazimisha, kwa sababu sheria ikianza kuingia katika mwili wa mtu mmoja kwa nguvu ili imfae mwingine, haitajua pa kusimama. McFall alifariki wiki chache baadaye. Sikupambii kisa hiki. Hakuna mwenye mamlaka ya kukulazimisha, na kukataa kunaweza kumwachia mtu uzito moyoni. Yote mawili ni kweli. Ila kumbuka kwamba uboho hujijaza tena baada ya wiki chache. Figo ikitoka haioti nyingine.

Sasa tuyapitie maneno ya kikao, maana mengine hayakuwa sawa.

Watu wengi hudhani waragi huichoma figo moja kwa moja. Kiungo ambacho pombe hukiharibu waziwazi ni ini. Figo huangushwa zaidi na presha, kisukari, magonjwa ya vichujio vya figo vyenyewe, na VVU visipotibiwa mapema. Pombe nyingi hupandisha presha, kwa hiyo siitakasi, lakini kesi yake hapa ni ya msaidizi. Kila figo ina vichujio karibu milioni moja, kila kimoja fundo dogo la mishipa myembamba. Presha ikikaa juu miaka na miaka, mishipa ile hukakamaa, kichujio kinakufa, na vilivyobaki vinabebeshwa kazi yake mpaka navyo vinachoka. Hakuna maumivu yoyote. Mtu anakwenda kazini, anacheka, anaoa, hadi anabaki na sehemu moja ya kumi hivi ya nguvu za figo, ndipo uso unaanza kuvimba asubuhi na chakula kinamtapisha. Ninao wagonjwa wasiowahi kuonja tone la pombe, wakiwemo maimamu na wachungaji, walioacha vidonge vya presha kwa sababu ileile ya kaka yako: hawakuumwa popote. Hakuna aliyeitisha kikao kuwauliza kama wanastahili.

Kuhusu VVU, shangazi yako anasema yale ambayo hata madaktari walikuwa wakiyasema zamani. Mwaka 2008, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, daktari mpasuaji Elmi Muller alianza kuwapandikiza figo watu wanaoishi na VVU, tena figo zilizotoka kwa marehemu waliokuwa na VVU. Wengi walimshangaa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, yakafuatwa na mengine mwaka 2015, na leo hakuna mtaalamu makini anayesema VVU peke yake ni sababu ya kumnyima mtu figo. Masharti yapo: virusi viwe vimefubazwa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo, na kinga iwe imepanda. Mwili wa mtu mwenye VVU pia huelekea kuikataa figo mpya mara nyingi zaidi kuliko wa mtu asiye navyo, hivyo anahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Na kuna suala la dawa kugongana. ARV zenye ritonaviri hupandisha sana katika damu kiwango cha dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo mpya, hadi kuwa sumu. Zile za dolutegraviri, ambazo ndizo wengi wanatumia sasa hapa Uganda, hazina tatizo hilo. Daktari wake aulizwe pia kama kidonge chake kina tenofoviri, kwani kwa baadhi ya watu huisumbua figo.

Na niseme hili kwa upole: habari ya VVU ilikuwa ya kaka yako kuisema, si ya shangazi kuitandaza kikaoni.

Nije kwenye kustahili. Umeuliza kwa ujasiri na sitalizunguka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mjini Seattle, Marekani, mashine za kusafisha damu zilikuwa mpya na chache mno. Kituo kilichokuwa nazo kikaunda kamati ya raia saba wasiotajwa majina, wakiwemo mchungaji, mwanasheria, mwenye benki na mama wa nyumbani. Hao ndio walioamua nani aunganishwe na mashine na nani aachwe. Walitazama kipato, ndoa, watoto wangapi, elimu, hata mtu anahudhuria kanisani au la. Jarida moja lilipoyaandika hayo mwaka 1962 watu walishtuka, na walishtuka kwa haki: kamati ilikuwa inawachagua watu wanaofanana na wanakamati. Mlevi asingepita. Mjane maskini sijui. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ikaamua kulipia tiba hiyo kwa karibu kila mgonjwa, na kamati za namna ile zikakosa kazi. Ninapomsikia mtu anataja kiwanja kilichouzwa katika mazungumzo ya figo, ile kamati ya Seattle ndiyo inayonijia kichwani. Kuuza kiwanja cha ndugu ni kosa, na lina baraza lake. Lipelekeni huko.

Lakini hofu yako ya chupa ina msingi. Mashabiki wa mpira wanamkumbuka George Best wa Manchester United. Alipandikizwa ini mwaka 2002, akarudi kunywa, akafariki 2005, na Waingereza walikasirika kwamba ini lile lingemwokoa mwingine. Kwa miaka mingi hospitali nyingi ziliweka sharti la miezi sita bila pombe kabla ya kupandikiza ini. Halafu madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji wakawachukua wagonjwa 26 ambao pombe ilikuwa imewaangusha ghafla ini na wasingefikisha miezi hiyo sita, wakachaguliwa kwa uangalifu mkubwa, wakapandikizwa. Katika ripoti yao ya mwaka 2011, baada ya miezi sita asilimia 77 walikuwa hai, dhidi ya asilimia 23 ya wagonjwa wa aina hiyohiyo ambao hawakupandikizwa. Waliorudi kunywa walikuwa watatu. Kwa hiyo ulevi wa jana ni mtabiri mbovu kuliko tunavyodhani, japo si mtabiri bure.

Mimi natazama mbele. Swali langu kwa kila mpokeaji ni moja: huyu ataitunza? Figo mpya huwekwa chini ya tumbo karibu na nyonga, inaunganishwa na mishipa ya damu ya hapo, na mrija wake unashonwa kwenye kibofu. Zile za zamani mara nyingi huachwa mahali pake. Kinga ya mwili haiijui. Itaishambulia kama inavyoshambulia kijidudu, isipokuwa ituliziwe kwa dawa kila siku, asubuhi na jioni, maisha yote. Ukiruka siku chache, mwili unaweza kuikataa, na haupigi hodi. Kwa hiyo nataka kujua kama mtu anaweza kumeza vidonge kila siku hata siku asiyoumwa. Na hapa kaka yako ana ushahidi ambao shangazi ameusoma kichwa chini. Kama anatumia ARV na kipimo cha virusi kimekuwa safi mwaka hadi mwaka, basi tayari amethibitisha kwamba anaweza. Mtu wa vidonge vya VVU aliyefubaza virusi ni mgombea bora wa dawa za figo kuliko tajiri ambaye hajawahi kumaliza dozi ya malaria. Kama kipimo hicho kinapanda na kushuka, hiyo nayo ni habari, na ni nzito kuliko waragi.

Kuna kipimo kingine, chepesi kuliko vyote. Kila anapofika kwenye mashine, muuguzi humpandisha kwenye mizani kabla na baada. Lita moja ya kinywaji ambacho mwili umeshindwa kukitoa ni kilo moja. Mtu aliyeambiwa apunguze maji, akija kila mara ameongeza kilo mbili, anajitahidi. Akija Jumatatu ameongeza kilo tano, amevimba miguu na pumzi inamkaba, kuna jambo lililotokea Jumamosi. Rekodi ya kilo zake iko kwenye faili. Muulize kama ataridhia uione. Itakuambia mengi kuliko viapo.

Umeuliza angekuwa wa ngapi kati ya kumi. Mahali penye foleni ya kweli, panapotumika figo za marehemu, hutazamwa kundi la damu na kulingana kwa tishu, muda ambao mtu amengoja, hali yake, faida atakayoipata, na mara nyingi watoto hutangulizwa. Ulevi unaoendelea ungemsimamisha mpaka atibiwe. Ulevi ulioachwa usingemtoa. Kiwanja kisingetajwa kabisa.

Ila hapa kwetu foleni hiyo bado haijaanza kufanya kazi. Sheria ya Uganda ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo ni ya mwaka 2023. Imeunda baraza la kusimamia kazi hii na kupiga marufuku biashara ya viungo. Upandikizaji wa kwanza wa figo kufanyika nchini ulifanyika hospitali ya Mulago, Kampala, Desemba 2023. Kabla ya hapo wenye uwezo walikwenda India au kwa majirani, na wasio na uwezo walibaki. Sheria imewafikiria hata watoaji waliofariki, lakini hilo linadai vyumba vya wagonjwa mahututi, maabara zisizolala na usafiri wa haraka. Figo zinazopandikizwa leo zinatoka kwa walio hai. Ndiyo maana nasema swali la kustahili, zuri kama lilivyo, si ndilo linalowaumiza watu wetu sasa. Linaloumiza ni jingine: nani anasukumwa kutoa?

Kikao kilikuchagua wewe kwa sababu hujaolewa na hujazaa. Tafsiri yake, dada, ni kwamba walitafuta nani hasara yake itaonekana ndogo machoni pao. Si Arua peke yake. Marekani, wanakotunza hesabu vizuri, watoaji figo walio hai sita kati ya kumi hivi ni wanawake, na wapokeaji wengi ni wanaume. Lakini kitabibu kikao kimegeuza mambo juu chini. Mwanamke ambaye bado hajazaa ndiye tunayemwangalia kwa tahadhari zaidi. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa presha ya ujauzito na hali ya kuelekea kifafa cha mimba iliwapata asilimia 11 ya waliokwisha kutoa figo, dhidi ya asilimia 5 ya wanawake wenye afya kama yao ambao hawakutoa. Wengi walijifungua salama, na hakuna ugumba unaoletwa na kutoa figo, hilo lifute. Lakini hesabu ile ni ya mahali ambapo mjamzito hupimwa presha kila kliniki na upasuaji upo karibu. Ukizaa ukiwa mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji, ile tofauti ndogo inakuwa kubwa. Umri nao haukupi nafuu wanayodhani. Mtu wa miaka 45 ambaye presha na sukari yake viko sawa ameshaonyesha mwili wake ulivyo. Wewe wa 29 bado una miaka mingi mbele ambayo hakuna anayeweza kuisoma, na umetoka tumbo moja na mtu ambaye figo zake zimefeli akiwa na 43. Kaka zako wawili walipaswa kuwa wa kwanza kunyoosha mkono wapimwe, na kuwa na familia ya kulisha si udhuru wa kitabibu.

Hofu ya kufa nikujibu kwa tarakimu, maana ndiyo njia ya heshima. Katika takwimu za Marekani za mwaka 1994 hadi 2009, mtoaji mmoja hivi kati ya 3,000 alifariki ndani ya siku tisini baada ya upasuaji. Siku hizi figo hutolewa mara nyingi kwa kamera kupitia matundu madogo na mkato mmoja wa chini. Siku chache hospitalini, wiki nne hadi sita bila kunyanyua ndoo wala gunia. Figo inayobaki hutanuka na kushika zamu ya mwenzake, hadi kufanya kazi karibu asilimia 70 ya iliyokuwa ikifanywa na mbili. Kwa muda mrefu, utafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba kati ya watoaji 10,000, 90 watafeliwa na figo maishani mwao, dhidi ya 14 kati ya watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa. Kwa watu weusi hatari ilikuwa kubwa kuliko wastani huo. Kwa wastani ni chini ya mmoja kati ya mia, basi. Ndogo, lakini ukiwa wewe ndiye huyo mmoja, utarudi kwenye mashine ileile ya Kiruddu, na huenda akawa hayupo wa kukupa.

Sasa namna ya kukataa bila kuvunja undugu. Katika hospitali inayofuata maadili, mtoaji huingia peke yake kwa daktari, na anakuwa na mtu wa kumtetea asiye wa timu inayomtibu mgonjwa. Nimeshuhudia hilo mara nyingi: ndugu wanne wamekaa kwenye benchi la nje, msichana yuko ndani ameshika mkoba kwa mikono miwili, simu inalia, anaitazama jina, hajibu. Namuuliza, "Kama wale wa nje wasingejua kamwe uliniambia nini, ungesema nini?" Wengine husema bado wanataka, na huwa wanasema upesi. Mwingine hukaa kimya muda mrefu. Kwa huyo, familia huambiwa jambo moja tu: hafai kutoa. Sababu haitolewi, kwa kuwa faili ya mtoaji ni siri yake. Baadhi ya wenzangu wanaiona hiyo kama hila. Mimi naiona kama mlango wa dharura, na kila nyumba yenye watu wengi inahitaji mmoja. Mtu anayetoa kwa kusukumwa kweli hafai, kwa hiyo hata uongo haupo. Unaweza kughairi hata asubuhi ya upasuaji, umeshavaa gauni la hospitali.

Kwa kuwa umeanza kwa salaam, dini nayo niipitie haraka. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililoko Jeddah liliruhusu mwaka 1988 mtu aliye hai kutoa kiungo kumwokoa mwingine, ikiwa faida inazidi madhara na kiungo chenyewe si kile ambacho uhai wake unakitegemea. Na likasema kisiuzwe.

Hapo tunamfikia kijana wa mjomba. Mwambieni mjomba aache, leo. Kwanza ni jinai kwa muuzaji, mnunuzi na dalali, na dalali hapa ni yeye. Pili, atanunua nini? India kabla na baada ya kupiga marufuku biashara hii mwaka 1994 iliona hali hii kwa wingi. Watafiti walipowafuata wauzaji 305 mjini Chennai, wakachapisha mwaka 2002, asilimia 96 walikuwa wameuza ili kulipa madeni. Miaka kadhaa baadaye kipato cha familia zao kilikuwa kimeshuka kwa theluthi, robo tatu yao walikuwa bado wana madeni, na wengi walisema afya imezorota. Kijana wa boda boda anaishi kwa kiuno chake: kupanda na kushuka, kubeba magunia, kukesha barabarani. Nani atampima presha mwaka wa kumi? Na anayejua atalipwa akipita vipimo ana kila sababu ya kuficha homa ya ini au kisukari cha mama yake, kwa hiyo hata kaka yako hayuko salama. Matangazo ya mitandaoni yanayodai kwamba hospitali fulani inanunua figo ni utapeli mtupu. Utaombwa ada ya usajili, kisha namba itazimwa.

Kuna jambo limenisumbua kila niliposoma barua yako. Shangazi amesema, mjomba amesema, kikao kimesema. Sikuona mahali kaka yako mwenyewe amesema anataka figo. Ameulizwa? Nina wagonjwa waliokataa katakata kuchukua kwa wadogo zao, wakabaki kwenye mashine kwa hiari. Nina wengine waliotamani, wakaona haya kuomba kwa sababu ya waliyoyafanya zamani. Nenda Makindye ukae naye siku ya mapumziko, si siku ya mashine, siku hiyo huwa hana nguvu hata ya kuzungumza. Ule mshipa wa mkononi walioutengeneza kwa ajili ya sindano, akikuruhusu uguse. Utausikia unatetemeka chini ya kidole. Muulize anataka nini, na kama waragi ameuacha, kwa msaada wa nani. Akisema ameacha peke yake kwa sababu tu anaumwa, hapo mshauri wa uraibu anahitajika kabla ya mpasuaji.

Na muulizane kuhusu fedha, kwa sababu hapa ndipo nimeona figo nyingi nzuri zikifa. Familia hukusanya makumi ya mamilioni kwa upasuaji, zinauzwa ng'ombe na ardhi, watu wanapiga picha za shangwe, halafu mwaka wa pili vidonge vinakosekana. Figo ya mtu aliye hai ikitunzwa hukaa miaka 15 hata 20. Isipotunzwa haimalizi miwili. Kabla hata wewe hujapimwa, nataka kikao kile kikae tena na kuandika kwenye karatasi nani atalipa dawa za kila mwezi, vipimo vya damu, na nani atakulisha wewe wiki utakazokuwa huwezi kufanya kazi. Wakishindwa kuijaza karatasi hiyo, bora aendelee kusafishwa damu, na nguvu ya familia ielekezwe kutafuta namna ya kumfikisha mara tatu kwa wiki badala ya mbili, maana mara tatu ndicho kiwango tunachokitaka na tofauti anaihisi mwenyewe: usingizi, pumzi, hamu ya kula.

Maoni yangu, kwa kuwa umeyaomba: nisingekuweka wewe mbele. Ningewapima kaka zako wawili kwanza, na binamu wanaotaka. Kundi la damu ndilo mlango wa kwanza. O huwapa wote, wengine huangaliwa, na ile alama ya chanya au hasi haihusiki kwenye figo. Figo ya mwanamume au mwanamke ni sawasawa. Wakikosekana kabisa, na wewe ukiwa bado unataka baada ya kujua haya yote, milango iko wazi, na ningekushauri uzungumze na daktari wa uzazi kabla ya hatua yoyote.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi. Wiki hii nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, upimwe presha, sukari na mkojo kama una protini, na kaka zako wafanye vivyo hivyo. Hilo halihusiani na kutoa, ni kwa sababu ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya familia. Kaka yako naye apelekwe hospitali bila kungoja zamu ya mashine akibanwa na pumzi usiku, akipata homa au kutetemeka, au mapigo ya moyo yakienda ovyo. Na ukiitwa Kampala kwa mazungumzo ya utoaji, mwambie muuguzi wa mapokezi kabla hujakaa kwamba unaomba kumwona daktari peke yako, na anayekusindikiza angoje nje.